Kabla ya hospitali kuna stesheni: Nasaha kwa wanaompeleka mgonjwa kusini mwa India



Si jambo geni tena katika miji yetu kusikia kwamba familia fulani imempeleka mzee, mama au mtoto wao India kwa matibabu. Michango hufanyika misikitini na majumbani, jamaa huuza kiwanja au mifugo, na hatimaye mgonjwa hupanda ndege akiwa na msindikizaji mmoja au wawili. Hospitali huulizwa kila kitu: gharama za upasuaji, jina la daktari, vipimo vinavyotakiwa, barua ya viza. Lakini ipo sehemu moja ya safari ambayo aghalabu haiulizwi, nayo ni ile iliyo baina ya uwanja wa ndege na mlango wa hospitali. Kwa wanaokwenda hospitali ya CMC iliyoko Vellore, katika jimbo la Tamil Nadu, sehemu hiyo mara nyingi hupita kwenye stesheni kuu ya reli ya mji wa Chennai, unaojulikana na wazee wetu kwa jina la zamani la Madras.

Makala haya yanaihusu stesheni hiyo. Mtu mzima mwenye afya akipotea humo atapata hadithi ya kusimulia, lakini mgonjwa wa figo au wa moyo akikesha jukwaani kwa kuwa treni imemwacha, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwanza jina. Tangu Aprili 2019 stesheni hiyo inaitwa rasmi kwa jina la M.G. Ramachandran, mwigizaji wa filamu aliyekuja kuwa waziri mkuu wa jimbo hilo. Wenyeji bado huiita Central tu, na dereva wa teksi ataelewa hivyo. Reli ya kwanza ya Madras ilianzia stesheni ya Royapuram mwaka 1856. Central ilijengwa baadaye, mwaka 1873, na mnara wake wa saa umesimama juu ya jengo la matofali mekundu ambalo mtu halikosi. Karibu yake kuna jengo kubwa jeupe la halmashauri ya jiji, liitwalo Ripon, na ng'ambo ya barabara ipo hospitali kuu ya serikali.

Mji huo unayo stesheni nyingine kubwa, Egmore, umbali wa kilomita kama 2 kutoka Central. Treni nyingi ziendazo kusini zaidi, upande wa Madurai na Tiruchirappalli, huondokea Egmore. Ziendazo magharibi, kuelekea Katpadi, Bengaluru na Coimbatore, nyingi huondokea Central. Zipo pia treni zisizoingia Central kabisa, bali hupita Perambur, kitongoji cha jirani. Umbali wa kilomita 2 ni mdogo kwenye karatasi, lakini foleni ya magari ya Chennai saa za jioni huweza kuufanya kuwa nusu saa, nawe una mgonjwa, masanduku na barua za hospitali mkononi. Kwa hiyo, kabla ya kuita teksi, soma kwenye tiketi jina la stesheni ya kuondokea. Usimtegemee aliyekukatia tiketi akueleze kwa mdomo.

Hata ukishafika Central, utakuta pembeni yake jengo jingine liitwalo Moore Market, ambako huondokea treni za vitongojini. Treni hizo hazina nafasi za kuwekwa, husimama kila mahali, na saa za kazi hujaa watu hadi mlangoni. Msafiri wa Katpadi aingie jengo kuu, lenye majukwaa 12 ya treni za mbali. Lakini hilo la Moore Market nalo lina manufaa yake: ndimo ilimo ofisi ya kuweka nafasi, na mgeni anaweza kuulizia humo dirisha la watalii wa kigeni, akiwa na pasipoti yake mkononi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi, ndilo linalohitaji mazingatio makubwa kuliko yote: saa na tarehe.

Reli ya India huandika saa kwa hesabu ya 24, kuanzia usiku wa manane. Sisi Waswahili huhesabu saa kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua. Tiketi ikiandikwa 06:20, sisi husema saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Ikiandikwa 18:20, twasema saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Baba akimwambia mwanawe kwa simu kuwa treni ni "saa kumi na mbili", bila ya kutaja asubuhi wala jioni, tayari mlango wa makosa umefunguka. Ongeza juu ya hayo kwamba India imetutangulia kwa saa mbili na nusu: Dar es Salaam au Mombasa ikiwa saa tano kamili asubuhi, Chennai ni saa saba na nusu mchana. Simu isiyobadilishwa saa inaweza kumpotosha msafiri kwa muda unaozidi safari yote ya kwenda Katpadi.

Lakini tarehe ndiyo yenye hatari zaidi. Chukua tiketi iliyoandikwa Jumamosi, saa 00:20. Vijana wetu wengi leo wakisoma hivyo hufikiri: Jumamosi, usiku. Basi hushinda Jumamosi yote hotelini, wakala chakula cha jioni, wakaenda stesheni baada ya Isha. Treni yao iliondoka zamani, usiku uliotangulia, wakiwa wamelala. Tiketi imekufa, na miadi ya daktari ya Jumapili au Jumatatu imo mashakani.

La ajabu ni kwamba wazee wetu wa pwani wasingekosea. Kwa hesabu yao, ambayo ndiyo hesabu ya siku katika dini yetu, siku huanza jua linapozama. Mzee akisema "usiku wa Jumamosi" anakusudia usiku ule unaoitangulia Jumamosi, usiku wa kuamkia Jumamosi. Ukimwambia kwamba treni yaondoka saa sita na dakika ishirini usiku wa Jumamosi, atajiandaa Ijumaa baada ya Magharibi, na ndivyo ipasavyo. Hivyo basi, kila treni inayoondoka baina ya saa sita usiku na alfajiri iandikwe pembeni ya tiketi kwa kalamu na kwa Kiswahili: "usiku wa kuamkia" siku fulani, "tuondoke hotelini Ijumaa baada ya Isha". Wote wanaosafiri pamoja wasome maandishi hayo, akiwemo mgonjwa mwenyewe.

Tiketi yenyewe nayo ina lugha yake. Juu huwa na namba ya tarakimu 10 iitwayo PNR, ambayo ndiyo utambulisho wa safari nzima. Ukiipiga simu ya reli, namba 139, ndiyo utakayoulizwa. Kisha hufuata hali ya nafasi. CNF maana yake nafasi imethibitishwa, pamoja na herufi ya behewa na namba ya kiti au kitanda. WL maana yake umo kwenye orodha ya kungojea. Mwenye WL hana ruhusa ya kupanda behewa la vitanda wala la kiyoyozi, hata kama amelipa, na tangu Mei 2025 jambo hilo limesimamiwa kwa ukali zaidi. Baina ya hizo mbili ipo RAC, ambayo watu wengi huifurahia bila kuielewa. Mwenye RAC ataruhusiwa kupanda, lakini atapewa nusu ya kitanda cha pembeni akae na abiria mwingine asiyemjua. Kwa kijana ni sawa. Kwa mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo ni adhabu, na kwa bibi anayejistahi kukaa hivyo usiku kucha na mwanamume wa kando ni dhiki isiyohitaji maelezo.

Ndiyo maana inafaa nafasi ziwekwe mapema. Tangu Novemba 2024 treni za kawaida hufunguliwa kwa kuweka nafasi siku 60 kabla ya safari. Zipo nafasi za dharura ziitwazo Tatkal, zinazouzwa siku moja kabla, lakini tangu Julai 2025 anayezinunua kwa intaneti hutakiwa awe amethibitishwa kwa kitambulisho cha taifa cha Wahindi, Aadhaar, ambacho mgeni wa matibabu hana. Asije mtu akaahirisha jambo hilo akitumaini kwamba dharura itamwokoa. Jina nalo liandikwe kama lilivyo katika pasipoti, maana mkaguzi hudai kuona pasipoti yenyewe, si kivuli chake.

Kuhusu daraja la kuchagua: kutoka Chennai hadi Katpadi ni kilomita kama 130, na treni ya haraka huchukua takriban saa mbili. Kwa muda huo mfupi wa mchana, behewa la viti lenye kiyoyozi, lenye alama CC, linamtosha mgonjwa anayeweza kuketi. Miongoni mwa treni zinazosimama Katpadi ni ile mpya ya Vande Bharat iendayo Mysuru, iliyoanza Novemba 2022. Mgonjwa asiyeweza kuketi ahitaji kitanda, na hapo ni lazima kiwe cha chini. Katika mabehewa ya vitanda vya ngazi tatu, kile cha kati hukunjuliwa usiku tu, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mchana wote watatu hukaa kwenye kile cha chini. Kwa hiyo mwenye kitanda cha chini asidhani kuwa atalala mchana bila kuombwa nafasi. Azungumze na jirani zake kwa upole na kuwaeleza hali ya mgonjwa. Watu wa huko, kwa jumla, humstahi mgonjwa na mzee.

Fika stesheni saa moja na nusu kabla, hasa ukiwa na kiti cha magurudumu. Mlangoni mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na foleni huwa ndefu. Asindikizaye bila ya kusafiri hununua tiketi ya jukwaani, kwa kawaida rupia 10. Asiidharau, kwa sababu faini yake ni kubwa kuliko bei yake. Ndani utaona ubao wa taa unaoandika namba ya treni, jina lake na jukwaa, kwa Kitamil, Kihindi na Kiingereza kwa kupokezana. Shika namba ya treni kuliko jina, kwa kuwa majina hufanana na namba hazifanani. Jukwaani kuna vibao vidogo vinavyoonyesha behewa lako litasimama wapi. Treni moja huweza kuwa na mabehewa zaidi ya 20, na kutoka mwanzo hadi mwisho wake ni mwendo wa zaidi ya nusu kilomita. Mgonjwa asitembezwe mwendo huo kwa sababu ya kutokusoma kibao.

Wachukuzi wa mizigo huvaa shati jekundu na beji ya chuma mkononi yenye namba. Huitwa kuli, neno ambalo sisi pia twalijua kutoka bandarini, na wapo wataalamu wanaolirejesha kwenye Kitamil chenyewe, ambako maana yake ni ujira. Patana naye bei kabla hajauweka mzigo kichwani, na uiangalie namba yake. Kiti cha magurudumu huombwa kwa msimamizi wa stesheni, na yapo magari madogo ya umeme yanayowabeba wazee hadi jukwaani. Hayo yote huombwa mapema, si treni ikiwa imeshapiga honi.

Katika ukumbi wa kungojea huwa kuna chumba cha wanawake peke yao. Kina mama na mabinti wakitumie, nao wanaume wakubaliane mahali pa kukutana, kwa kuwa umati wa Central humeza watu. Mizigo isiachwe peke yake hata kwa dakika moja. Wenyeji wenyewe huifunga masanduku yao kwa mnyororo na kufuli chini ya kiti, na minyororo hiyo huuzwa jukwaani. Faili la hospitali, picha za eksirei, dawa, pasipoti na fedha visiingie sandukuni kabisa, viwe kwenye mkoba unaovaliwa mwilini. Sanduku la nguo likipotea huumiza. Majibu ya vipimo vya miezi sita yakipotea, daktari huanza upya, na gharama huanza upya pamoja naye.

Kuhusu chakula, Mwislamu hana sababu ya kutaabika. Kusini mwa India chakula cha mboga tupu kipo kila mahali, ndani ya stesheni na nje. Asiye na hakika na nyama aiache, ale idli, ambayo ni mikate laini ya unga wa mchele na dengu iliyopikwa kwa mvuke, nayo yamfaa hata mgonjwa kwa kuwa haina mafuta. Maji yawe ya chupa iliyofungwa. Chakula cha mtu usiyemjua, hata akiwa mkarimu namna gani, kikataliwe kwa heshima, kwani wapo wezi wanaolevya abiria kwa biskuti na chai.

Ama sala, urefu mfupi wa safari hiyo ni rehema. Anayeondoka mchana anaweza kuswali kabla ya kupanda au baada ya kufika, kwa kutumia ruhusa ya msafiri ya kukusanya. Karibu na stesheni, katika mtaa wa Periamet, upo msikiti wa Ijumaa unaojulikana sana. Mazoea ya kwetu ya kuelekea kaskazini hayafai huko, maana kibla cha Chennai ni magharibi, kikiegemea kaskazini kidogo. Treni ya Katpadi nayo huelekea magharibi, hivyo upande wa kichwa cha treni ndio ulio karibu na kibla. Vyoo vya treni huwa na maji, jambo litakalompendeza mwenye kutaka kutawadha, ila sakafu huwa imelowa na mgonjwa asiingie peke yake. Kuhusu kupunguza sala kwa anayekaa wiki kadhaa hospitalini bila kujua siku ya kuruhusiwa, wanazuoni wana maelezo yao, na kila mtu amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka.

Msimu nao uangaliwe. Pwani ile hupata mvua zake kubwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Desemba 2015 mafuriko yaliisimamisha Chennai, na Desemba 2023 kimbunga kilichoitwa Michaung kilisababisha treni nyingi za Central kufutwa. Mwenye miadi katika miezi hiyo asipange kufika Vellore siku ile ile ya miadi. Siku moja au mbili za ziada hugharimu malazi, lakini miadi iliyokosekana huweza kugharimu wiki.

Sasa kushuka. Usitafute stesheni iitwayo Vellore. Ipo moja iitwayo Vellore Cantonment, lakini ipo kwenye njia nyingine ndogo, na treni kubwa ziendazo magharibi kutoka Central hazipiti hapo. Shuka Katpadi. Treni husimama hapo kwa dakika chache tu, kisha huendelea na safari yake ndefu. Aliyelala au aliyechelewa kukusanya mizigo atapelekwa mbele hadi Jolarpettai, mwendo wa takriban saa moja, kisha atafute treni ya kurudi. Kwa hiyo robo saa kabla ya kufika, mizigo iwe mlangoni na mgonjwa awe amekwisha kuvaa viatu. Ashuke kwanza msindikizaji mwenye nguvu, ampokee mgonjwa, mizigo ifuate. Wakiwa wawili, mmoja asishuke kutafuta kuli akamwacha mwenzake ndani na mgonjwa.

Nje ya Katpadi utakuta teksi, mabasi na bajaji. Hospitali ya zamani ya CMC iko mjini Vellore, kilomita kama 7 kutoka hapo. Lakini tangu mwaka 2022 hospitali hiyo imefungua kampasi nyingine kubwa upande wa Ranipet, na baadhi ya idara zimehamia huko. Isomwe barua ya miadi kwa makini kabla ya kupanda gari, na dereva aonyeshwe jina la kampasi kwa maandishi.

Wakati wa kurudi mambo hugeuka kidogo. Siku ya kuruhusiwa haijulikani, hivyo wengi hukata tiketi ya kurudi kwa haraka, na hapo ndipo huweza kupewa treni inayopita Perambur badala ya kuingia Central. Iangaliwe tena stesheni ya mwisho, hasa na mwenye ndege ya kuiwahi. Ukishushwa Central hauhitaji teksi ya kwenda uwanja wa ndege: mbele ya stesheni, chini ya ardhi, kipo kituo cha treni za mjini kilichofunguliwa Mei 2018, chenye lifti, na treni yake huenda moja kwa moja hadi uwanjani kwa muda usiozidi saa moja, bila ya foleni ya magari.